Mgao Ukikatwa, Nani Hupigwa?

Siku ya mgao wa chakula kambini, mama amepanga foleni tangu alfajiri, kadi mkononi. Amepimiwa unga, maharage, mafuta na chumvi, akajitwisha mpaka kwenye kibanda. Jioni mumewe anataka sehemu ya unga ikauzwe apate pesa ya pombe. Mama anakataa, maana anajua watoto watalala njaa kabla ya mgao mwingine. Anapigwa.

Visa vya aina hii si vipya katika kambi za wakimbizi za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Human Rights Watch walichapisha mwaka 2000 ripoti nzima kuhusu ukatili walioupata wanawake wa Burundi katika kambi za magharibi mwa Tanzania, mwingine mikononi mwa waume zao. Vilima vya Kigoma vimepokea watu kwa mawimbi: Warundi baada ya kuuawa kwa Rais wao, Ndadaye, mwaka 1993, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, kisha Warundi tena mwaka 2015, Nyarugusu ilipofurika hadi kuvuka watu 150,000 na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya.

Kwa nini janga la nje liingie chumbani? Wengi husema ni msongo wa mawazo, na upo ukweli. Mtu anayeishi kwa hofu na njaa miezi mingi, mwili wake hukaa kwenye tahadhari muda wote: usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, hasira inakuwa karibu, na pombe inalegeza kile kidogo kilichokuwa kinamzuia. Lakini maelezo haya hayatoshi. Mwanamume aliyekasirishwa na mgawa chakula hampigi mgawa chakula. Anajizuia, anarudi nyumbani, anampiga mkewe. Huyo hajashindwa kujizuia. Amechagua wa kumpiga.

Kinachobadilika sana ni mizani ya nyumba. Kambini mkimbizi haruhusiwi kutoka bila kibali, shamba hana, kazi hana. Mtafiti Simon Turner, aliyefanya utafiti kati ya Warundi wa kambi ya Lukole, Ngara, aliwasikia wakisema kwamba UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, imekuwa mume bora kuliko mume. Aliyefundishwa kuwa uanaume ni kulisha na kuamuru, akishindwa kulisha hung'ang'ania kuamuru. Na wale ambao mke angewakimbilia hawapo tena. Kijijini kuna mshenga, kuna baba mkwe, kuna shangazi wa kumwambia mwanamume "acha". Vita huwatawanya wote hao.

Ushahidi mmoja wenye nguvu kwamba uhaba huchochea kipigo umetoka mbali, kaskazini mwa Ecuador, ambako Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwapa kaya maskini, wakiwemo wakimbizi wa Colombia, pesa taslimu, vocha au chakula kwa miezi 6. Watafiti walilinganisha kaya hizo na zisizopewa: ukatili wa kimwili au kingono wa waume ulipungua kwa takriban asilimia 30.  Sababu ya ugomvi ilipunguzwa.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2023 mgao wa wakimbizi nchini Tanzania ulishushwa mpaka nusu ya kiwango cha kawaida kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Wanaokata mgao huhesabu kilo na dola. Nasema wahesabu na majeraha, kwa sababu chakula kambini ni kinga ya mwanamke kama chandarua kilivyo kinga dhidi ya malaria.

Hayo yote hayamhalalishii mtu kupiga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na jirani yako akija usiku akiwa amepigwa au amebakwa, usimwambie asubiri kikao cha wazee. Mpeleke kituo cha afya: kwa aliyebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72.