Mtoto anajua amri zote kumi. Je, anaamini?

Jumapili ya kipaimara hapa Iringa ni sikukuu. Wasichana wamevaa magauni meupe, wavulana wamevaa suti zilizonunuliwa kubwa kidogo ili zifae na mwakani. Mashangazi wameshafika tangu Ijumaa kutoka Mafinga na Njombe. Mchungaji anawawekea watoto mikono, picha zinapigwa, kisha nyumbani kuna turubai, pilau na keki.

Jumapili mbili tatu baadaye, yale mabenchi ya mbele yana nafasi tele. Sisi wazazi tunatania kwamba mtoto "ameshahitimu kanisa". Tunacheka, lakini mzazi mwenzangu, kicheko hicho huwa kinaniuma.

Wapo wanaolaumu mafundisho yenyewe, kwamba ni kukariri tu. Sikubaliani nao. Martin Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 baada ya kutembelea sharika za kwao Ujerumani na kukuta watu waliobatizwa ambao hawakujua hata Sala ya Bwana. Utamwaminije mtu ambaye hujui habari zake? Tunachosahau ni kwamba kitabu kile kilikusudiwa kufundishwa nyumbani, na mwenye nyumba, kwa watu wa nyumba yake. Sisi kazi hiyo tumemwachia mwinjilisti.

Mimi si Mlutheri wa kuzaliwa. Mke wangu ndiye, na watoto wamefuata kanisa la mama yao. Nililelewa Rungwe, mkoani Mbeya, ambako wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891. Katika historia ya Wamoravian kuna habari moja ambayo kila ninapoikumbuka inanigusa mimi mwenyewe.

John Wesley, ambaye baadaye alianzisha Umethodisti, alikuwa kasisi wa Anglikana, msomi wa Oxford, na baba yake pia alikuwa kasisi. Januari 1736 alikuwa melini akielekea Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika. Dhoruba ikararua tanga kubwa, maji yakafunika meli, Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian wa Kijerumani waliokuwamo wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimuuliza mmoja wao kama hawakuogopa. Akaambiwa hapana, hata wanawake na watoto wao hawakuogopa kufa.

Walipofika nchi kavu, kiongozi wa Moravian aliyeitwa August Spangenberg alimuuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anajua ndiye Mwokozi wa ulimwengu. Ni kweli, akasema Spangenberg, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Kasisi alijibu ndiyo, kisha akaandika katika shajara yake kwamba alihofu hayo yalikuwa maneno matupu. Ilipita zaidi ya miaka miwili, hadi jioni ya Mei 24, 1738, jijini London, alipokuwa akisikiliza maandishi ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi yakisomwa, ndipo alipoona moyoni kwamba anamtumaini Kristo kweli. Usiku ule hakupewa habari mpya. Habari zote alikuwa nazo tangu utotoni.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili. Kuamini, mwaminifu na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Jirani unayemwamini ndiye unayemwachia ufunguo unaposafiri. Wengine wote unawajua tu.

Sasa niseme la kwangu. Binti yetu alipokuwa mwaka wa pili wa kipaimara, jioni moja nilikuwa nikimsikiliza akijiandaa kwa mtihani, nyumbani kwetu Kihesa. Alikuwa amefika amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, simu yangu ikaita. Alikuwa mzee mmoja wa Ilula aliyenikopesha hela ya mbolea. Nikamsukumia binti simu, nikamnong'oneza aseme baba amesafiri, simu ameiacha nyumbani.

Akasema hivyo hivyo, kwa adabu, na shikamoo juu. Kisha akarudi pale pale alipoishia, akaieleza amri ya nane na maana yake bila kukosea neno hata moja.

Sikulala vizuri. Kila Jumapili nakiri mbele za watu kwamba Mungu ni Baba anayenitunza. Jioni ile niliutegemea uongo unitunze, na nikamtuma mwanangu aubebe.

Jumamosi tulipanda kosta, mimi na yeye, hadi Ilula. Nilikuwa na nusu ya deni. Mzee alihesabu noti taratibu, uso umekunjamana. Hakutukaribisha ndani. Nilikuwa bado natafuta maneno, binti akatangulia: "Babu, siku ile uliyopiga simu, baba alikuwepo. Naomba unisamehe." Mzee akamtazama sana, kisha akanitazama mimi. Akasema nusu iliyobaki anaisubiri mpaka mavuno, si zaidi ya hapo.

Wakati wa kurudi tulikaa kimya kwa muda mrefu. Tulipokaribia mjini akaniuliza, "Baba, uliogopa?"

Nikamjibu kwamba niliogopa sana, tangu Kihesa hadi pale mlangoni kwa mzee.