Kesho Iliyochimbwa Mlimani

Miongoni mwa sifa alizojaaliwa binadamu, sioni iliyo ya ajabu kuliko ile ya kukiona moyoni kitu ambacho bado hakijakuwako, kisha akakihangaikia kwa mikono yake mpaka kikawako. Na atakaye kuishuhudia sifa hiyo hana haja ya kusafiri ng'ambo, bali apande milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, kabla hajateremkia Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa.

Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19, Wangoni walipoingia nchi hiyo kwa vita, Wamatengo wengi walikimbilia miteremko mikali, mahali ambapo mvua ikinyesha huuchukua udongo wote hadi bondeni. Mwingine angaliona njaa hapo. Wao waliona shamba. Mwezi wa Machi, mvua zikikaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo na kuziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana, mmoja ukishuka na mwingine ukikingama, hata ubavu wa mlima ukawa miraba mitupu kama kitanda cha kamba. Wanawake nao huchimba katikati ya kila mraba, udongo wakiufukia juu ya zile nyasi, na maharage yakapandwa kwenye matuta. Maji yateremkayo huingia shimoni yakatulia. Udongo uliokuwa ukitoroka hunaswa humo. Nyasi huoza chini ya tuta zikawa mbolea, ambayo mahindi ya msimu wa pili huikuta tayari. Hiyo ndiyo ngoro. Na kwa kuwa kazi nzito ya jembe ni ya akina mama, ni haki kukiri kwamba sehemu kubwa ya hekima hii imehifadhiwa mikononi mwao, ingawa sifa zao hutajwa kwa nadra.

Aliyechimba shimo la kwanza alichimba kwa ajili ya mvua ambayo haijanyesha. Alianza, hata hivyo, kwa kuujua mlima wake: maji hupita wapi, udongo huteleza vipi.

Kusini hiyohiyo iliona pia kesho ya namna nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mradi mkubwa wa karanga, na kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, mamilioni ya pauni yamekwisha kuteketea, na reli ikafungwa mwaka 1962. Mawazo yalikuwa makubwa, lakini wenye kuwaza hawakuiuliza ardhi wala wakulima wake, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililowaangusha.

Leo yanenwa habari za reli nyingine, itokayo Mtwara hadi Mbamba Bay. Naitamani sana, maana ziwa lile limengoja mno. Basi nawasihi wanaoichora ramani yake wapande kwanza Umatengo mwezi wa Machi, wakae na akina mama penye mashimo yao, na wawaulize wangependa watoto wao waikute nchi gani.