Barabara ya Mombo hadi Lushoto na sayansi ya kusoma vimelea

Ukitoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, ndani ya kilomita thelathini na kitu unakuwa umepanda takriban mita 1,000. Chini kuna joto, mkonge na mpunga. Juu, mwezi Julai, watu hawavui masweta. Wa chini na wa juu wengi ni Wasambaa wale wale, wanaooana na kuuziana mchele na kabichi. Kwa upande wa malaria, hata hivyo, hali zao ziko mbali mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha vijiji vya milima hii ya Usambara kuanzia mita 300 hivi hadi karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukakuta maambukizi ya malaria yanapungua zaidi ya mara 1,000 kutoka bondeni hadi mlimani.

Baridi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, lazima kikue kwanza ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, ukuaji huo husimama, na mbu hufa akiwa bado hana madhara. Ahueni hiyo ina gharama yake. Mtoto wa bondeni anayeumwa mara kwa mara, akinusurika, hujenga kinga kidogo kidogo. Mtu wa mlimani hana kinga hiyo, na akishuka kutafuta kibarua, au mwaka ukija na joto lisilo la kawaida, malaria humwangusha hata akiwa mtu mzima.

Mlima wa namna hii huwapa wanasayansi swali zuri: je, malaria imewabadilisha watu wenyewe? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kwamba anayerithi jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Alikuwa ameona kwamba jeni hiyo imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu. Kumbe malaria imekuwa ikichagua jeni zetu kwa vizazi vingi. Tofauti inayozaa selimundu ni ya herufi moja tu katika jenomu ya binadamu, yaani seti yake nzima ya vinasaba, yenye herufi zipatazo bilioni 3.

Jeni peke yake haimalizi maelezo. Watoto wawili wa nyumba moja huumwa na mbu wale wale. Mmoja anapata homa ya siku mbili, mwenzake anaingia degedege na kupoteza fahamu. Ili kujua sababu, watafiti wa leo hupima vitu vingi kwa pamoja: jeni alizorithi kila mtoto, zipi zimewashwa wakati wa homa, protini zipi ziko kwenye damu, na kemikali zipi zinabaki baada ya mwili kutumia chakula na dawa. Utafiti wa namna hiyo huitwa maltiomiki. Huzalisha data nyingi kiasi kwamba haziwezi kusomwa kwa macho, na hapo ndipo bioinfomatiki, yaani kuchambua data za kibiolojia kwa kompyuta, inapoingia. Mashine husoma vinasaba vikiwa vimekatwakatwa, mithili ya gazeti lililochanwa vipande vya herufi mia na hamsini, na kompyuta hurudisha kila kipande mahali pake.

Kwa nini basi kazi ya kompyuta ihitaji mikutano ya watafiti wa nchi mbalimbali? Mfano bora tunao karibu. Katika jenomu ya kimelea cha malaria, yenye herufi zipatazo milioni 23 na iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, kuna jeni iitwayo K13. Mabadiliko fulani katika jeni hiyo hukifanya kimelea kichelewe kufa mgonjwa anapomeza dawa mseto ya malaria. Mwaka 2020 wanasayansi waliripoti mabadiliko ya aina hiyo, R561H, nchini Rwanda. Mwaka uliofuata ikatoka taarifa ya mabadiliko mengine ya K13 kaskazini mwa Uganda. Kisha R561H ikaonekana kwetu Tanzania, mkoani Kagera, hasa Karagwe, kupitia uchunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ulioongozwa na Dk. Deus Ishengoma. Uchunguzi huo ulianza mwaka 2021 katika mikoa 13, ukiwemo Tanga ilipo milima ya Usambara, na hutumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Dawa mseto bado inaponya, kwa kuwa ina dawa ya pili ndani yake. Lakini kama Kigali, Kampala na Dar es Salaam zingesoma vimelea kila moja kivyake, nani angejua tatizo lilianzia wapi na linaelekea wapi?

Machi 2015 Dar es Salaam ilipokea mkutano wa bioinfomatiki wa Afrika, ulioandaliwa na chama cha bara hili, ASBCB, pamoja na kile cha kimataifa, ISCB. Katika miaka hiyo mradi wa H3Africa, wa kusoma jenomu za Waafrika, ulikuwa ukijenga maabara na kufundisha vijana. Mwaka 2020 watafiti wake walichapisha jenomu za Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya lugha na makabila, wakapata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Ndugu msomaji, watu 426 tu! Hayo yanaonyesha jinsi sayansi ya dunia ilivyokuwa imetuacha nje, na ndiyo maana naiona mikutano hii kuwa ya lazima.

Kasoro ninayoiona ni kwamba mialiko hukomea kwa watafiti. Mganga mkuu wa wilaya, muuguzi wa zahanati ya Mombo na mhudumu wa afya ya jamii wa Mlalo, huko Lushoto, wangepaswa kuketi ukumbini na kuuliza maswali kwa Kiswahili, kwa sababu damu inayosomwa ilipita mikononi mwa watu kama wao.

Na wewe ukiombwa tone la damu kwa ajili ya utafiti, una haki ya kuuliza litapimwa nini, litahifadhiwa wapi, na kama litatoka nje ya nchi. Sampuli za utafiti haziruhusiwi kusafirishwa nje bila kibali na mkataba maalumu. Uliza pia majibu yatarudi kijijini lini, na nani atayaleta. Ukikataa, matibabu yako hayapaswi kubadilika hata kidogo.