Punje ya Kunde Iliyoungua

Mtoto wa miaka mitano anayekulia Iguhu, katika eneo la Ikolomani, magharibi mwa Kenya, huijua kunde kabla hajajua kusoma. Basi mzazi anayejiuliza kama mtoto wa umri huo ana la kujifunza kwenye makazi ya watu wa kale na aanzie kwenye mboga hiyo. Huko Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Kaunti ya Busia, wanaakiolojia walifukua chini ya mwamba punje ya kunde yenye umri wa miaka ipatayo 2,300. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2024. Kumpeleka mtoto Kakapel ni kumpeleka kwenye jiko la kale, na mambo ya jikoni si mageni kwake.

Punje hiyo ilidumu kwa sababu iliungua. Mbegu mbichi huoza au huliwa na wadudu, bali iliyogeuka kaa hukaa ardhini karne nyingi. Wataalamu humimina udongo majini, makaa yakaelea, wakayakinga kwa chekecheo laini. Karai la maji na majivu ya mekoni yanatosha kumwonyesha mtoto jambo hilo kabla ya safari. Tabaka za Kakapel zilitoa pia mtama, wimbi na vigae vya vyungu vya aina ya Urewe, jina litokanalo na mahali huko Siaya, upande uleule ambako Mto Yala unaelekea baada ya kupita Iguhu. Kwenye ukuta wa mwamba wa Kakapel mna michoro ya miduara na ng'ombe wenye pembe ndefu, na mtoto aliyezoea kuona mafahali wakipiganishwa huko kwao hahitaji kuambiwa kwa nini mtu alimchora ng'ombe.

Wapo watakaosema kwamba miaka 2,300 haina maana kwa mtoto asiyejua kuhesabu hadi mia. Ni kweli, lakini kinachohitajika kwanza ni mfuatano, na huo anauweza: nguo iliyotangulia kuwekwa kapuni ndiyo iliyo chini, na udongo ni vivyo hivyo mradi haujafukuliwa. Wengine watasema hiyo ni kazi ya shule. Shule itafundisha, ila nyanya anayejua kupika kunde na kusaga wimbi yuko nyumbani, naye ndiye awezaye kuunganisha kigae na chungu. Nauli nayo ni mzigo unaostahili kutajwa. Asiyeimudu leo aanze na karai, na safari ije baadaye, mara moja iliyoandaliwa vizuri.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watoto huharibu. Mkono wenye jasho hudhuru mchoro, na kigae kilichotiwa mfukoni hupoteza ushahidi wake, kwani thamani yake imo katika tabaka kilimolala. Hiyo ndiyo sababu ya kuwafundisha mapema: kutazama bila kugusa, kuuliza bila kuokota. Ardhi ya Ikolomani huchimbwa kila siku, kwa misingi ya nyumba, kwa vyoo, kwa dhahabu. Anayeshika jembe huko hutupa vigae kando akidhani ni takataka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mtoto aliyeiona Kakapel ndiye atakayesema, "Baba, ngoja kwanza," na hapo jembe litasimama.