Stroberi za Kikopey hazipandwi kwa mbegu

Wengi wetu tunaotoka Mombasa kwenda Nakuru au Kisumu tunaijua Kikopey kwa moshi wa nyama choma. Tunashuka, tunaulizia kama nyama ni halali, tunakula, safari inaendelea. Mimi nina dada yangu mdogo aliyeolewa huko, na nyuma ya nyumba yake ana tuta la stroberi ambalo wanawe hulivamia kila wakitoka madrasa.

Mwaka juzi nilibandua vile vimbegu vilivyo juu ya tunda lililoiva, nikavianika, nikaja navyo Mombasa nimevifunga kwenye karatasi. Nikavipanda koponi. Vitatu vikaota, vikatoa majani, ua hata moja sikuliona, kisha vikakauka. Nilipompigia simu dada yangu, alicheka sana. "Kaka, hiyo ni chotara. Mbegu yake itakuhadaa."

Nimesoma nikaona ana haki. Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kwao na miche ya stroberi kutoka Chile, aina yenye tunda kubwa. Ilikuwa ya kike mitupu, haikuzaa. Ilikuja kuzaa ilipopandwa karibu na aina ya Amerika Kaskazini, yenye tunda dogo la harufu nzuri. Mbegu za ndoa hiyo ndizo zilizotoa mmea mpya, na mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne akaeleza kuwa ni chotara wa aina hizo mbili. Karibu stroberi zote tunazonunua sokoni leo ni za ukoo huo.

Wazee husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa chotara methali hiyo haifanyi kazi: kila mbegu huchanganya upya damu ya wazazi, na mche unaoota huweza kuzaa tunda dogo, chachu, au lisilo na ladha.

Anayefanana na mama ni mche unaotokana na kitawi. Stroberi hutoa vitawi vinavyotambaa chini kama marando ya viazi vitamu. Dada yangu huweka kopo la udongo chini ya kifundo cha kitawi, akakibana kwa kijiti, akakimwagilia. Baada ya wiki tatu au nne mizizi imeshika, hukata kitawi na kuhamisha mche. Huacha nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, na moyo wa mche hukaa sawa na uso wa udongo: ukizikwa huoza, ukiinuliwa mizizi hukauka. Hutandaza nyasi kavu chini ili tunda lisiguse tope, na baada ya miaka mitatu hivi hubadilisha miche, kwani mikongwe huzaa kidogo.

Je, kwetu Pwani? Tusidanganyane. Kikopey iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Joto letu huufanya mche utoe majani badala ya maua. Udongo wetu wa matumbawe una chokaa, nao mche hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Na maji ya visima vyetu yana chumvi, jambo ambalo stroberi haistahamili kabisa. Ukitaka kujaribu, tumia chungu, udongo wa mboji, maji ya mvua na kivuli cha mchana, wala usitarajie kapu. Mwenye shamba Wundanyi, kwenye baridi ya milima ya Taita, ana nafasi nzuri zaidi.

Sisi wa chini tuna forosadi. Hiyo nayo huota kwa kijiti: kata tawi lililokomaa, lenye unene wa kidole, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu. Langu nimelichomeka karibu na birika, na limeshachipua.

Safari ijayo ya Kikopey sitarudi na karatasi ya mbegu. Nitakula stroberi hukohuko, na dada yangu nitampelekea forosadi.