Boriti Ikalie Nguzo, Isining'inie Msumari

Majuzi nilikuwa nyumbani Bomet, nikamsindikiza mama hadi kituo cha kupimia majani ya chai. Mvua ilipoanza kunyesha, wakulima walijibanza chini ya paa la mabati. Nilipotazama juu, moyo ulinidunda. Boriti za mkaratusi zilikuwa zimebandikwa ubavuni mwa nguzo kwa misumari mitatu mitatu, na moja ilikwisha kuteremka upana wa kidole.

"Imekuwa hivyo tangu mwaka jana, mwanangu," akasema mama.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, lugha nayo ina la kusema. Neno mhimili latokana na kuhimili, yaani kustahimili uzito. Msumari kazi yake ni kushika. Kuubebesha boriti nzito ya paa ni kuuonea. Mkaratusi uliopigiliwa ungali mbichi husinyaa ukikauka, ukapasuka penye misumari, na mshiko ukalegea. Heri boriti ikalishwe juu ya kichwa cha nguzo.

Lakini hapo pia pana mtego. Mti ni kama tita la mabua: likisimama hubeba mzigo, likilazwa hupondeka. Kiwango cha Ulaya cha EN 338 chaonyesha hivyo waziwazi. Ubao wa daraja la C24 hustahimili mgandamizo wa nyutoni 21 kwa kila milimita mraba ukifuata nyuzi, lakini 2.5 tu ukikatiza nyuzi. Kwa hiyo nguzo ikiwa imara, boriti ndiyo itakayobonyea pale ilipokalia.

Dawa yake ni kupanua kikalio. Nguzo yenye upana wa milimita 100 kila upande huipa boriti ya upana huohuo kikalio cha milimita mraba 10,000. Weka baina yao bamba nene la chuma lenye urefu wa milimita 200, na mgandamizo juu ya boriti utapungua kwa nusu. Kisha ifungwe kwa bolti, upepo usije ukaing'oa.

Simlaumu fundi. Aghalabu maarifa haya yamefungiwa katika vitabu vya Kiingereza, ilhali yeye hupimiana na kubishana na mteja wake kwa Kiswahili au Kikipsigis. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Je, serikali za kaunti za Kericho na Bomet, pamoja na vyuo vya ufundi, zitashindwa kutoa ukurasa mmoja wenye picha, ubandikwe kila panapouzwa mbao?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta twaweza kuujenga upya. Wale waliojikinga mvua chini ya boriti ile, mama yangu akiwa mmoja wao, hatuwezi.