Shefu-bandi ni mjomba wake

Luke Skywalker ameshamkata baba yake mkono. Darth Vader yuko chini, anahema ndani ya kofia yake nyeusi, na kijana amemsimamia akiwa na upanga wa mwanga wa kijani. Chumbani kwetu Sanga, upande wa Kamina, watoto tisa wamesimama juu ya mkeka. "Mmalize!" wanapiga kelele. Televisheni ilikuwa inakula betri iliyochajiwa kwa sola tangu asubuhi, na kila mtu alijua haina muda mrefu. Lakini Luke hapigi. Anautazama mkono wa baba yake, nyaya zimechomoza mahali palipokatwa. Kisha anautazama wa kwake, nao ni wa bandia kama ule. Anautupa upanga.

"Akteri gani huyu?" mvulana mmoja aliuliza, amekasirika kwelikweli.

Dar es Salaam wangesema steringi. Kwetu ni akteri, adui yake ni shefu-bandi, na sheria ni moja: akteri hafi, shefu-bandi hatoki hai. Anayeivunja sheria hiyo amewaonea watoto.

Mzee aliyekuwa ameketi karibu na mlango, tuliyemdhania amelala, akacheka kidogo. "Sasa Kalala Ilunga mngemfanyaje?" akasema. "Yule shefu-bandi wake alikuwa mjomba wake."

Nimeibeba kauli hiyo tangu siku ile, kwa sababu wapenzi wa filamu za anga wana ugomvi ambao umechukua miaka. Kuna wanaotaka wema uwe wema na uovu uwe uovu, kama katika Star Wars ya kwanza ya George Lucas: mfalme mkuu ni mbaya, waasi ni wazuri, basi. Na kuna wanaosema mambo hayo ni ya watoto. Hao wanapenda Rogue One ya 2016, ambamo Cassian Andor, mtu wa upande wa wema, anampiga risasi mtoa habari wake mwenyewe ili asikamatwe akasema. Wanapenda Dune, ambamo kijana anayeshangiliwa kama mkombozi anaishia kuwasha vita vya kuangamiza watu wasio na idadi. Upande mmoja unasema ulimwengu umechafuliwa, upande wa pili unasema ndivyo ulivyo. Mimi naona Waluba, watu wa huku kwetu, waliushughulikia ugomvi huu kabla ya kamera yoyote, na waliushughulikia vizuri zaidi.

Tuanze na rangi, maana masimulizi ya Kiluba nayo yanaanza na rangi. Nkongolo Mwamba, aliyetawala kutoka Mwibele karibu na ziwa Boya, alikuwa mwekundu. Jina lake ni jina la upinde wa mvua. Alikula hadharani, alilewa, alicheka kinywa wazi, aliwachukua dada zake mwenyewe, na siku mama yake alipomcheka, alimzika akiwa hai. Kisha akatokea mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mweusi wa kung'aa, mtu ambaye hakula mbele za watu wala kuonyesha meno yake ovyo. Msomaji aliyezoea Hollywood ashike hapo: kwa Hollywood nguo nyeusi ni ya Vader, kwa Waluba weusi ni uungwana. Wekundu ndio uliokuwa na damu.

Hadi hapo ni filamu ya watoto. Mweusi mwema, mwekundu mwovu. Lakini Mbidi Kiluwe anapewa wake huko Mwibele, nao ni Bulanda na Mabela, dada za Nkongolo. Bulanda anamzaa Kalala Ilunga. Mtoto anakua, anakuwa hodari wa vita kuliko wote, anamshinda mjomba wake hata kwenye mchezo, na Nkongolo anaandaa ngoma. Chini ya mkeka wa uwanja wa kuchezea amechimbisha shimo, na ndani ya shimo amesimamisha mikuki. Anayemwokoa Kalala Ilunga ni mpiga ngoma, anayemwonya kwa mapigo ambayo yeye peke yake anayafahamu. Kijana anaupima uwanja kwa mkuki wake, anaigundua hila, anaruka, anakimbilia kwa baba yake. Anarudi na jeshi. Nkongolo anakamatwa, anakatwa kichwa, na kichwa kinazikwa mbali na kiwiliwili. Wasimulizi wanasema kichuguu kiliota juu ya kichwa kile.

Hakuna anayesimulia habari hizi akaacha shaka kama kumzika mama hai ni vibaya. Hapo Waluba hawana rangi ya kijivu. Ila nguvu ya utawala, bulopwe, ilimfikia nani? Ilimfikia mtoto wa dada wa yule mwovu. Kila mfalme anayejiita wa ukoo wa Kalala Ilunga, ambamo upole wa Mbidi Kiluwe unasifiwa, ana damu ya Nkongolo mishipani. Masimulizi yangeweza kuleta mtu safi kutoka mbali, ashinde, atawale, mambo yaishe. Hayakufanya hivyo. Mbidi Kiluwe, yule safi, aliondoka, hakutawala Mwibele.

Hata chombo cha kuhifadhia habari hizo kinakataa kukaa sehemu moja. Wana wa chama cha Mbudye waliusoma ubao uitwao lukasa: umeshikwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kinapita juu ya shanga na michoro. Ushanga ule ule uliweza kusomwa hivi leo na vile kesho, kutegemea ni nani anasomewa na jambo gani liko mbele ya baraza. Lakini ubao haukubadilika. Shanga zilibaki pale pale.

Sasa turudi kwa Lucas. Star Wars yake ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1977, kwa watu waliochoshwa na Vietnam na kashfa ya Watergate, waliotamani kuona mwovu anayejulikana kwa kofia yake. Nakala zinazotufikia ni za Kifaransa, na humo yule mtu huitwa Dark Vador, kwa hiyo watoto wetu hawaoni kitu ambacho mzee aliyesomeshwa na mapadri Waflamani wa Kamina angekitambua katika jina la Kiingereza: kwa Kiflamani, vader ni baba. Mwaka 1980, katika filamu ya pili, shefu-bandi alitamka kwamba ni baba wa akteri, na tangu hapo hadithi haikuwa tena ya kofia. Lucas mwenyewe amesema kwamba alipowaza waasi wake aliwawaza Wavietnam, na dola ovu ilikuwa na sura ya Marekani. Watazamaji wengi walishangilia bila kujua wamewekwa upande gani.

Na sisi mwezi ule tulikuwa wapi? Tarehe 17 Mei 1977, siku nane kabla filamu haijatoka, roketi ya kampuni ya Kijerumani OTRAG iliruka angani kutoka kaskazini mwa Shaba, jina la Katanga wakati huo, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 ambalo Rais Mobutu aliwakabidhi. Mwaka huo huo Shaba ilikuwa vitani. Wapiganaji wa Kikatanga walikuwa wamevuka kutoka Angola mwezi Machi, wanajeshi wa Morocco wakaletwa na ndege za Ufaransa, na mwaka uliofuata askari wa miavuli wa Ubelgiji walishukia kwenye kambi ya Kamina wakielekea Kolwezi. Wapiganaji wale, wengine waliwaita waasi, wengine waliwaita wana wa nyumbani wanaorudi. Ukimuuliza mzee wa hapa akteri alikuwa nani, anakaa kimya muda mrefu. Ukimuuliza nani alichoma nyumba na nani alichukua mbuzi, anajibu mara moja.

Hilo ndilo ninalolishikilia. Uovu unajulikana kwa kitendo. Filamu inayoficha kitendo ili tumhurumie mtendaji inanikera, na inayomfanya mtendaji kuwa kofia tupu inanikera vilevile.

Jambo hili halikubaki kwenye mkeka wa watoto. Ukipanda treni Kamina kuelekea Kananga unapita Kaniama, na katika mkoa wetu huu wa Haut-Lomami kuna kituo cha Kaniama Kasese cha utumishi wa taifa. Huko serikali imepeleka vijana waliokamatwa Kinshasa, wale wa mapanga wanaoitwa Kuluna, wafundishwe kulima, kujenga, kuseremala na kushona. Mahindi yao yameuzwa hadi Kinshasa. Kisha, Machi 2024, serikali hiyo hiyo ikaondoa kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo, na ujambazi wa mijini unaoua ukatajwa miongoni mwa makosa husika. Nchi moja inamtupia kijana mmoja jembe, inamnolea mwingine upanga. Mama aliyekatwa na panga Kinshasa ana haki ya kuliita panga kwa jina lake, na sitaki mtu amwambie asubiri kusikia utoto wa aliyelishika. Lakini nimesimama upande wa jembe. Aliyekata ametoka nyumba moja na sisi.

Betri iliisha kabla ya filamu, Vader akiwa bado mikononi mwa mwanawe. Watoto hawakuondoka. Walimtaka mzee amalize habari ya Kalala Ilunga, naye akamaliza gizani: vita, kichwa, kichuguu. Wavulana walipiga makofi. Msichana wa miaka kama minane, aliyekuwa amenyamaza jioni nzima, alimvuta mzee shati.

"Nkambo, na Bulanda? Walipokileta kile kichwa, alilia?"

Mzee alipapasa kutafuta fimbo yake.

"Alikuwa kaka yake," akasema.